Msiniambie ni Ileile

Badru, zima hiyo simu, na wewe Yasmini weka chini hicho kibakuli, uji sinywi tena. Nisikilizeni wanangu, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya maneno tu, na hata hayo sijui kama itayatosha. Niliomba uji wa mchele wa Maparoni, wa shamba la mama yenu, nanyi mkaniletea wa unga wa paketi kutoka dukani hapa Kibiti, mkasema, baba, mchele ni uleule. Mmenichosha. Neno hilo nimepigana nalo umri wangu wote, na leo limenifuata mpaka kitandani.

Mie nilikuwa mhandisi wa ununuzi. Watu walidhani kazi yangu ni kuzunguka madukani na kurudi na vitu vipya, na hata nyie mlipokuwa wadogo mliwaringia wenzenu kwamba baba yenu anainunulia serikali. Kazi yangu ilikuwa kusema hapana. Bomba limekuja jembamba, nasema hapana. Pampu ya maji ya kisima imeletwa ikafungwe kwenye maji ya chumvi, nasema hapana. Na kila nikisema hivyo, kuna bwana mwenye shati lililonyooka ananiangalia kama mgonjwa na kuniambia, mhandisi, mbona hii ni ileile, imebadilika rangi tu. Wakaniita Bwana Hapana, kuanzia hapa mpaka Nyamwage. Jina hilo sikulichukia.

Habari ya boti ya wagonjwa ya Maparoni mmeisikia kwa watu, sasa isikieni kwangu. Boti ile nyuma yake ilikuwa ndefu kwenda juu, kwa hiyo niliagiza injini ya mguu mrefu, ili pangaboi lizame vizuri majini. Ikaletwa ya mguu mfupi. Nikaikataa, kisha nikasafiri kikazi nikijua yamekwisha. Huku nyuma kamati ya mapokezi ikakaa, na ndani yake alikuwemo Amri, ndugu yangu wa tumbo moja, baba yenu mdogo, naye akawaambia wenzake tusiwacheleweshe watu wa visiwani, injini ni injini, hii ni ileile. Wakaipokea. Mama yenu aliposhikwa na tumbo kule shambani wakati wa mavuno, boti ikawashwa, na mawimbi yalikuwepo kidogo, basi kila nyuma ikinyanyuka pangaboi linakata hewa. Waliniambia ilinguruma vizuri sana. Haikwenda. Mashavu wangu, mama yenu, akafia kwenye mikoko, huku anaisikia injini inawaka.

Tangu hapo sijala sahani moja na Amri. Nimemsamehe, mwambieni hivyo, ila msimwambie nilisamehe kwa furaha, nimechoka tu kuubeba mzigo huo. Akija mpeni nafasi ya kushika jeneza, na kaburini ashuke yeye. Maelezo asinipe, aliyonipa yananitosha.

Nyumba hii na shamba, Sheikh Twalha atawagawia kisheria, sina la kuongeza, wala msianze kushindana nani kaniuguza zaidi. Lakini shamba la Maparoni msiliuze mkanunue la Mahege kwa kuwa gari linafika. Mahege ni pazuri. Mama yenu hayuko Mahege.

Na hili ndilo ninalowaomba hasa, mengine yote yahesabuni kelele za mzee. Nizikeni Maparoni, ubavuni pa mama yenu. Jana mlikuwa barazani mkidhani nimelala, nikawasikia: njia mbovu, boti za shida, makaburi ya Kibiti yako hapo nyuma ya msikiti, na udongo ni uleule. Ni wewe uliyesema, Badru, usiangalie chini. Boti utakwenda kuichagua mwenyewe. Uiname, ulione pangaboi limezama, usiridhike na mlio.

Yasmini... maji. Kidogo tu. Basi.

Sogeeni, sauti inanikimbia. Najua maiti haicheleweshwi. Kama mkifika bandarini Nyamisati mkakuta maji yamekupwa, na boti haipiti... msiniweke juani kungoja. Nirudisheni, mnizike hapahapa Kibiti, wala sitawalaumu. Radhi zangu mnazo, wewe na wewe. Mungu awape watu wanaowapenda kiasi cha kuwaambia hapana.

Ila mkienda kumzuru mama yenu... msimwambie ni kulekule. Nawajua. Msimwambie hivyo. Mwambieni alikuwa anakuja.

Mwambieni... hakufika.