Emmy Jerotich na Mashine ya Mwisho Kwenye Waya

Wachungaji, wazee wetu, majirani na marafiki, familia inaomba mtuvumilie, kwa sababu karatasi hii imeandikwa mara tatu, na kila mara aliyeshika kalamu ameshindwa kuamini jina aliloliandika juu yake.

Marehemu Emmy Jerotich Muturi alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 huko Molo, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Kipkemei na Mama Rael. Alisomea shule za huko nyumbani, akafanya mtihani wa KCPE wa shule ya msingi mwaka 1998 na wa KCSE wa sekondari mwaka 2002, kisha akajiunga na chuo cha ufundi mjini Eldoret mwaka 2004, ambako alihitimu mwaka 2007 katika ufundi wa vyombo vya kupimia na kuendesha mitambo, akiwa msichana pekee darasani, jambo ambalo hakulitaja isipokuwa alipochokozwa.

Alianza kazi Januari 2008 kwenye visima vya mvuke Olkaria, akaja Nakuru Mei 2015 katika kiwanda cha maziwa alichokitumikia hadi mwisho. Kwa wasioijua kazi yake, mashine zote za kiwanda kile hupashana habari kupitia waya mmoja wa zambarau, na Emmy ndiye aliyeusikiliza waya huo kwa kifaa chake kidogo, ajue ujumbe unapotelea wapi kabla mitambo haijasimama. Alikuwa akitembea kiwanda kizima akikagua kiungo kimoja kimoja, ilhali kengele ya lango lake mwenyewe Kiamunyi ilikaa miaka mitatu bila kulia, na mumewe hakuchoka kumtania.

Alifunga ndoa na Bwana Muturi Thuo tarehe 18 Agosti 2012 kanisani Njoro, na Mungu akawajalia watoto wawili, Wariara mwenye miaka kumi na miwili na Thuo mwenye miaka minane.

Tangu Juni mwaka huu mawasiliano ya mashine yalianza kukatika, yakirudi yenyewe na kukatika tena, na maziwa mengi yakamwagwa. Emmy aliandika katika daftari lake la kazi kwamba shida iko kwenye mashine ya mwisho, ile ya kufunga pakiti, lakini kila ilipopimwa ilikuwa inafanya kazi vizuri, na alipoomba ruhusa ya kuizima wakati zile nyingine zinaendelea, akanyimwa. Tarehe 22 Septemba alisimamishwa kazi kwa barua iliyosema kwamba aliunganisha waya vibaya. Muturi ameomba lisomwe na hili bila kupunguzwa, kwamba yeye mwenyewe alimwambia, "Mama Wariara, si uandike tu pole urudi job," naye akamjibu, "Wanionyeshe mahali nimekosea, nitaandika." Alikaa nyumbani wiki tatu akingoja kuonyeshwa.

Kuhusu ugonjwa, familia haina la kusoma, kwa sababu haukuwepo. Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025 alikuwa anaanika nguo, akasema kichwa kinamuuma, akaketi kwenye ngazi, na kufikia saa nne asubuhi madaktari walikuwa wanatuambia kwamba mshipa ulipasuka kichwani na kwamba ametuacha. Nguo zile zilibaki nusu kwenye beseni, na hadi leo hatujui tulishike wapi jambo hili.

Alhamisi hiyo mwenzake wa kazi, Bwana Ooko, alipokuja kutupa pole, aliomba daftari la Emmy. Jumatatu iliyopita akafanya alichonyimwa Emmy, akaizima mashine ya mwisho mchana, nyingine zote zikiendelea, na kabla dakika haijaisha mawasiliano yakaanza kukatika. Alipoiwasha, yakatulia. Alirudia mara saba. Kumbe kiungo cha mwisho, kinachotuliza waya wote, hupata umeme kutoka kwa mashine ile, na kila ilipozimwa ili ioshwe, mtandao uliyumba, kisha mafundi walipofika kupima, ilikuwa imeshawashwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi kwa saa mbili za kujaribu, majirani wa Kiamunyi walioingia jikoni bila kuitwa, kina mama wa usafi pale kiwandani, ambao hawana kosa kwa kuosha mashine na ndio waliomtajia Ooko saa za kuizima, na Bwana Ooko mwenyewe. Kiwanda nacho tunakishukuru kwa barua ya juzi ya kufuta ile ya Septemba. Walitaka kumwandikia mume wake, Muturi akakataa, akasema iandikwe kwa jina la Emmy, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa anangoja. Iko hapa, imo mkononi mwa Muturi, na itashuka kaburini pamoja na Emmy.

Emmy, wamepaona mahali, na hukukosea. Pumzika sasa, Mama Wariara, pumzika kwa amani.