Avoka juu ya mawe ya volkano

Ndani ya basi dogo la kwenda Birere, mbele ya kiti changu, Papa Ézéchiel, msimamizi wa kikundi cha WhatsApp cha wapenda bustani, alimkemea Mama Kahindo kama vile kikundi ni parokia.

"Mama, juu ya nini unarudisha ile mambo ya 2020? Tulishakubaliana: avoka haizae juu ya mawe ya volkano. Tulifunga mazungumuzo."

"Mulifunga haraka, Papa. Muti yangu ilikuwa na majani mbili tu."

"Basi ungefungua mazungumuzo mupya."

"Mupya ya nini, na muti ni ile ile?" Akafungua kitambaa, akamwekea avoka mapajani, parachichi lililoiva.

Papa akaigeuza, akainusa. "Hii inaweza kutoka Rutshuru, kule kwenye udongo muzuri."

Basi likasimama. Nikashuka wa kwanza, uso chini. Mwaka ule, aliyeandika "haiwezekani" kwenye kikundi ni mimi.