Mama Emérance Kavira na Panya Aliowaachia Kazi

Ndugu mliotoka Butembo, Hima, Mahango na hapa hapa Bwera, mliopata viti na mliosimama, poleni, na asanteni kwa kuja. Leo tunamsindikiza Mama Emérance Kavira. Yeye mwenyewe hakupenda safari ya kimya, kwa hiyo sogeeni karibu msikie.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 mjini Butembo, kwa mzee Kakule na mama Mbambu, na alibatizwa mwezi uleule.

Alisoma kwa masista hadi darasa la sita. Watoto waliambiwa waje na maharage ya kuhesabia, na ya Emérance yalikuwa yakiisha kabla ya somo, kwa maana aliyabadilisha na wenzake kwa vipande vya muwa. Sista alimwita mama yake akamwambia, "Hesabu anaijua. Tatizo ni kwamba ameshafungua duka."

Mwaka 1996 alifunga ndoa na David katika parokia yao. Mungu aliwajalia mtoto mmoja wa kumzaa, Barbara, na wengi wa kulea. Vita vilipowafukuza mwaka 2001 walivuka mpaka kuja huku Uganda, Barbara akiwa mgongoni. David alipata kazi kiwandani Hima, na Emérance akaanza kuuza maharage sokoni Mpondwe. Ghala lake wengi wenu mnalijua. Katika ghala lile alikuwa na adui mmoja tu: panya. Paka wa Emérance alikula kabla ya wageni, na hakuna mgeni aliyethubutu kulalamika.

Mnamo Septemba 2022 alivimba shingo. Mwanzoni alidhani ni uchovu wa magunia. Januari iliyofuata, hospitalini, Daktari Kansiime alimweleza kwamba ni saratani ya tezi, limfoma ya seli T. Seli T ni askari wa mwili, alisema, na sasa wengine wameacha kulinda, wanazaana na kuvamia.

"Kumbe iko waasi!" Emérance akasema, kwa Kiswahili chake cha Butembo. "Hao ninabajua, njo balinifukuza Butembo."

Dawa za kwanza zilimpa nafuu, lakini kufikia Oktoba uvimbe ulirudi. Hapo daktari akaleta ombi: akate kipande cha uvimbe mpya, akipandikize kwa panya wa maabara, kisha dawa zijaribiwe kwa panya hao. Familia ilikutana sebuleni kwa marehemu, daktari naye akiwepo, na mdogo wake, Hardy, aliyemwita Yaya, yaani dada mkubwa, ndiye aliyesimama kwanza.

"Yaya, kwetu mutu anazikwa muzima. Kipande chako kikibakia mu panya, siku moja tutazika nini? Nusu?"

"Hardy, meno yangu mbili iko Butembo. Ulifanyaka matanga yake?"

"Meno haitembei, Yaya! Panya anatembea!"

Watu walicheka mpaka David akashika mbavu. Lakini Hardy alikuwa akifuta machozi, na Emérance aliyaona. Akamgeukia daktari, akamuuliza panya hao watamfaa nini. Kansiime hakupamba maneno. Ni panya wa aina yake, alisema, wamezaliwa bila kinga, ndiyo maana seli za mtu huweza kukua ndani yao. Watamwonyesha mlango wa kubisha kwanza, lakini hawezi kuahidi kwamba utafunguka. Huenda faida ikawa ya mgonjwa mwingine kabisa.

Emérance aliinuka, akaenda ghalani, akarudi na bambo, kile chuma cha kutobolea gunia ili kuonja punje.

"Hardy, umeisha kuniona ninanunua gunia bila hii? Basi dokta naye achome bambo. Ajaribu kwa sampuli mbele, asijaribu kwa gunia muzima."

Hardy aliketi. Hakukubali, lakini aliketi.

Februari 2024 marehemu aliomba kuwaona panya wake. Siraje, msafirishaji wake wa miaka mingi, alimpeleka Kampala. Njiani akaona mfuko mapajani mwake.

"Mama Barbara, hiyo ni nini?"

"Karanga. Mutu haendi kwa watu mikono mitupu."

"Panya wa Bwera umewamaliza wote, hawa unawapelekea zawadi?"

"Bale balikuwa bezi. Hawa beko wafanyakazi."

Maabara haikupokea karanga. Panya wasio na kinga hula chakula kilichosafishwa tu, na hata yeye aliwatazama kupitia kioo. Alisimama pale muda mrefu, akawapungia mkono.

Kati ya dawa tatu zilizojaribiwa, moja ilifanya uvimbe wa panya unywee. Mwezi Aprili Emérance naye akaanza dawa hiyo, na shingo yake ikarudi kuwa shingo. Desemba, Barbara alipoolewa, mama yake alicheza mpaka akavua viatu. Hardy ndiye aliyevishika.

Ugonjwa ulirudi katikati ya mwaka huu, na safari hii haukusikia dawa. Siku zake za mwisho Hardy alikaa kitandani pake, akamuuliza kwa sauti ndogo, "Yaya, bale panya, niende kubaleta? Tuzike pamoja?"

"Wachana nabo," alimjibu. "Miye nimechoka. Bao bado beko kazini."

Alifariki nyumbani Bwera, Jumamosi tarehe 11 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mikononi mwa David. Seli zake bado zinakua kule maabara, na Daktari Kansiime, aliye nasi hapa, anasema dawa ile sasa inajaribiwa kwa wagonjwa wengine.

Marehemu ameacha mume, David. Binti, Barbara, na mkwe wetu, Mbusa. Mdogo wake, Hardy. Watoto wote aliowalea. Paka mmoja mnene. Na panya wa Kampala. Hao wa mwisho ni Hardy aliyesema waandikwe. Amesema, "Nao ni watu wa Yaya."

Mama Emérance, weka gunia chini, upumzike kwa amani. Kazi inaendelea.