Kiti Kimoja cha Mama Subiri

Msomaji mwema, nakuomba usimwonyeshe mtu karatasi hii kabla ya hafla ya Ijumaa. Usiisome kwa sauti kantini, wala usiisahau juu ya mashine ya kunakili. Karibu yote yaliyomo ni sifa. Siri ni moja tu, ila ikivuja tumekwisha.

Ijumaa hiyo, tarehe 30 Juni, Mama Subiri anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika kitengo chetu cha viti vya maili, kile kinachowatafutia wasafiri wetu wa mara kwa mara viti vya kulipia kwa maili walizojikusanyia angani badala ya fedha. Maili kila mtu anazo. Viti ndivyo adimu, hasa katika safari ndefu za kuvuka bahari, ambako ndege nzima hutengewa viwili au vitatu, navyo hunyakuliwa kabla hujapepesa jicho.

Alianza kama mpokea simu. Jina alilipata huko, kwa kuwaomba wateja wasubiri kidogo kwa upole kiasi kwamba walisubiri kweli. Mfanyabiashara mmoja alimtambia kuwa maili zake zinatosha kumfikisha mwezini. Mama Subiri alimjibu kwamba huko bado hatujaanza kwenda, ila kuna kiti Jumanne kama yuko tayari kubadilisha ndege mara mbili. Bwana yule alikichukua, na mpaka leo hataki kuhudumiwa na mwingine.

Ufundi wake anasema aliupata kwa mumewe, fundi cherehani: safari ni kama suti, unakata vipande kwanza, mshono baadaye. Sisi tulikuwa tukitafuta njia nzima kwa mkupuo, tunakosa, tunamwomba mteja radhi. Yeye hutafuta kwanza kile kipande kirefu cha kuvuka bahari, hukishikilia, ndipo huunganisha vile vifupi. Hivyo ndivyo alivyowasafirisha ndugu watatu waliokuwa wakiwahi mazishi ya baba yao. Kila mmoja alipita njia yake, wakakutana mlangoni kwa marehemu.

Jambo moja limetushinda. Hajawahi kujitafutia kiti. Binti yake anaishi ng'ambo, na mjukuu, ambaye sasa ameanza shule, huamini kuwa bibi yake anaishi ndani ya simu. Kila kiti cha kwenda huko kinapojitokeza, Mama Subiri humpigia mteja aliye mbele kwenye foleni. Mpishi, husema, hali kabla ya wageni.

Basi kampuni ilipomzawadia maili za kumfikisha kwa binti yake, tuliogopa kwamba akijua, kiti atamgawia mtu. Nikapewa mimi kazi ya kumpelekea ombi la kiti hicho kama la mteja mkubwa asiyetaka jina lake litajwe. Aliniuliza mteja huyo anafuata nini huko, nikasema anakwenda kumwona mjukuu. Alivua miwani, akaifuta, akairudisha, na tangu hapo hata chai alikuwa akiinywa mbele ya kompyuta. Jana akakipata. Kiti kimoja, dirishani.

"Mwanangu, mwambie mteja wako alete namba ya pasipoti kabla ya Alhamisi mchana," aliniambia. "Akichelewa nampa mwingine. Wenye wajukuu ni wengi."

Na akisema, ndiyo basi. Tatizo ni kwamba pasipoti yake haijulikani iliko. Mumewe amepindua kabati zima nyumbani akisingizia panya, na alichopata ni kuagizwa akanunue mtego.

Mama Subiri, ahsante kwa kutulea bila kutudhalilisha mbele ya wateja. Uende salama, upumzike bila kengele ya simu, na kila unayempenda umkute mzima.

Yeyote anayejua pasipoti iliko, anione. Nakaa meza ya mwisho, karibu na mtungi wa maji. Usipige simu ya mezani, kwa sababu huipokea yeye kabla haijaita mara ya pili. Ukimkuta amesimama kwangu, niulize habari za likizo yangu, uende zako, urudi baadaye. Na kama karatasi hii imefika mikononi mwako wewe mwenyewe, Mama, tafadhali usikigawe kiti hicho. Njoo mezani kwangu, na uje na pasipoti.