Papa Wilondja, Mpimaji Wetu wa Pikipiki za Theluji, Anaondoka

Baada ya miaka ishirini na mmoja na miezi minne ya utumishi, Papa Wilondja Asukulu, fundi mkuu wa karakana yetu ya Grand Prairie, kando ya Dallas, anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 27 Februari 2026. Sherehe itakuwa hapa hapa karakanani saa nane mchana. Wapishi ni kina mama wa kanisa lake la DeSoto, kwa hiyo atakayekuja akiwa ameshiba asimlaumu mtu. Mimi Truphosa, fundi niliyefundishwa naye kuanzia kushika spana, ndiye niliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa ukurasa wetu wa Kiswahili. Nimeuandika mara tatu. Mara mbili za kwanza ulikuwa mtamu, lakini haukuwa wa kweli, na mwenyewe amenikataza kuuchapa.

Papa alikuwa amepanga kuondoka mwaka 2028. Anaondoka sasa kwa sababu ya ile ajali ya mwezi uliopita, ambayo wengi wenu mmesikia nusu yake tu. Nitafika hapo. Kwanza mumjue anayeondoka.

Alizaliwa mwaka 1961 huko Fizi, Kivu ya Kusini, na ufundi aliuanzia kwenye injini za boti mjini Baraka. Vita vilimtoa huko. Alikaa miaka sita katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, akitengeneza pampu za maji na mashine za kusaga, mara nyingi kwa spea alizozichonga mwenyewe. Alifika Texas mwaka 2004 na mkewe, Mama Clothilde, na binti yao, Kethia, ambaye leo ni muuguzi Houston. Oktoba mwaka huo karakana yetu ilimwajiri kufagia. Siku ya tisa, mwenye duka alimkuta ameegemeza ufagio ukutani na ameifungua kabureta iliyowashinda mafundi wawili kwa wiki nzima. Ufagio ule alikabidhiwa mtu mwingine siku hiyo hiyo.

Wageni hutuuliza pikipiki za theluji zinatafuta nini Texas, mahali ambapo barafu ikidondoka siku moja shule zinafungwa na mkate unakwisha madukani. Jibu ni kwamba Wateksasi wenye nafasi hupenda milima ya Colorado. Hununua mashine hapa Dallas au kwenye tawi letu la Houston, wakaikokota kwa trela kupitia Wichita Falls na Amarillo, saa kumi na nne barabarani, ili wakacheze wikendi. Mtu akishapanda mlima na mashine mbovu, hakuna gereji kule juu. Ndiyo maana duka liliamua kwamba kila Desemba tutachukua mashine tatu za mlimani, za watengenezaji watatu, tukazijaribu wenyewe kabla ya kumshauri mteja.

Kazi hiyo alipewa mtu ambaye hakuwahi kugusa theluji maishani. Katika safari ya kwanza, mwaka 2006, Papa alishuka kwenye trela, akazama hadi kiunoni, na kubaki amesimama humo kwa adabu kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Walipomvuta alisema tu kwamba sasa ameelewa kwa nini mashine zile zina mkanda mpana wenye meno. Tangu siku hiyo hakukosa Desemba hata moja.

Alipima mambo matatu. La kwanza ni wepesi wa kuiongoza: aliukatiza mteremko kwa ubavu, mwili ukining'inia upande wa juu, akaona kama mashine inamfuata au inabishana naye. La pili ni kushika theluji. Hapo aliizamisha mashine kusudi kwenye theluji laini, akaisimamisha, kisha akaiambia itoke. La tatu, alilolipenda kuliko yote, ni kutegemeka. Mashine ililala nje kwenye baridi siku tatu, na kila asubuhi aliiwasha kabla hajanywa chai, akiyahesabu mavuto ya kamba ya kuwashia. Kisha aliifungua na kukagua nati moja moja.

Hakutumia majina ya watengenezaji. Kila mwaka mashine zilikuwa Shemeji, Mama Mkwe na Binamu, kulingana na tabia. Desemba iliyopita Shemeji alikuwa mwepesi ajabu kwenye kona, mcheshi, mwenye ahadi nyingi, ila theluji ilipokuwa laini alijichimbia shimo na kukaa humo. Mama Mkwe alipanda kila mlima tuliomwonyesha, lakini kumgeuza kulihitaji maombi na mabega mapana. Binamu hakuwa wa kwanza kwa lolote mlimani. Alipata saba kati ya kumi kwa kuongozwa na saba kwa kushika. Kwa kutegemeka alipata tisa, maana asubuhi zote tatu aliwaka kwa mvuto wa kwanza na hakuna kilicholegea. Papa aliandika chini ya karatasi kwamba mtu mwenye watoto anunue Binamu. Wateja waliijua karatasi hiyo. Wengine waliingia dukani wakiuliza karatasi ya Papa kabla hawajauliza mashine.

Kulikuwa pia na mstari mwekundu. Mashine mpya hutufikia kwenye makasha, skii za mbele, yaani miguu yake ya kutelezea, zikiwa zimefunguliwa, na sisi ndio tunaozifunga. Papa akimaliza kukaza nati alifumba macho, akaipapasa kwa kidole, kisha akachora mstari kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kwa rangi ya kucha ya Mama Clothilde. Mstari ukikatika, nati imezunguka. Lakini kwetu ulimaanisha zaidi ya hapo. Ulimaanisha Papa amepita hapa, usihangaike. Nimewahi kuona mteja akiinama, akauona ule wekundu, na kutoa kadi yake bila swali.

Sasa nifike pale nilipoahidi.

Papa ana sukari, na sukari imekula hisia za vidole vyake. Tuliona mwezi wa Agosti. Spana zilianza kumdondoka. Nati alizozikaza zilikuwa zinazunguka kwa mkono mtupu, na mstari mwekundu ukiwa juu yake. Tungeweza kumwambia. Badala yake tulikutana watano nyuma ya stoo, na Edson, mwenzetu kutoka Mbeya ambaye sasa yuko tawi la Houston, akasema neno ambalo sote tulilipenda: tumsitiri mzee. Mtu aliyekufundisha kazi humwambii kwamba mikono yake haifai tena. Kwetu Vihiga, Kenya, hata kumtazama mikono ungeona aibu. Kwa hiyo tukapanga zamu, na aliyezipanga ni mimi. Papa akienda kula saa sita, mwenye zamu anapita na spana ya kipimo, inayoonyesha nati imekazwa kiasi gani, anakaza upya kila alichokaza yeye na kuuchora tena mstari. Papa anarudi, anaendelea, hajui kitu. Tulijiona watoto wenye adabu sana.

Alhamisi, tarehe nane Januari, zamu ilikuwa yangu. Asubuhi hiyo nilitumwa Houston na spea, nikaondoka mbio, na sikumwachia mtu zamu. Siku hiyo Papa alifunga skii za Binamu aliyenunuliwa na mteja mmoja wa Arlington, baba wa watoto watatu, aliyekuwa ameisoma karatasi. Siku tisa baadaye, kwenye mteremko kule Colorado, skii ya kushoto ilichomoka na mashine ikambingirikia. Alivunjika mtulinga na mguu. Namshukuru Mungu yuko hai, ingawa bado anatembea kwa magongo.

Katika kikao kilichofuata, wakuu wetu walipendekeza tuseme mashine yenyewe ndiyo yenye kasoro, na alama ya kutegemeka ya Binamu ishushwe kutoka tisa hadi nne. Ingekuwa rahisi kwa kila mtu. Papa alisimama. Wakati Kiingereza chake kilipokwama alimaliza kwa Kiswahili cha kwao, ambapo ndio huwa njo, nami nikatafsiri: "Mashini haiko na kosa. Mustari ule njo wangu. Ni mimi." Alikataa karatasi yake iguswe. Kesho yake alileta barua ya kuacha kazi. Nilitafsiri maneno yake hadi mwisho, nikaketi, na sikuongeza langu hata moja. Kwa mwezi mzima nilimwacha mtu yule aamini kwamba kosa lilikuwa lake peke yake.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwake DeSoto. Mama Clothilde alitupa fufu na sombe, ugali wa muhogo na kisamvu. Nilimwambia Papa yote: Agosti, stoo, zamu, Houston. Aliosha mikono taratibu sana. Nilidhani atafurahi kwamba mzigo haukuwa wake pekee, au atanifukuza. Aliuliza kama kweli ni tangu mwezi wa nane. Nikasema ndiyo.

"Mungeniambia, ningeacha kazi ule mwezi," alisema. "Yule mutu hangevunjika."

Kisha alilia, na miaka kumi na miwili niliyofanya naye kazi sikuwahi kumwona akilia. Mama Clothilde akasema, akiitazama sahani, kwamba hata yeye ana lake. "Mi namufungiaka vifungo vya shati tangu Pasaka. Sikusema kitu. Niliona ni heshima." Tukakaa hivyo watatu, kila mmoja na heshima yake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema inakuwaje wanapoficha wengine, na mwenye maradhi ndiye pekee asiyejua.

Papa hakuomba nimtetee. Aliniomba niandike haya yote hapa, pamoja na alama za Binamu kama zilivyo, ili fundi yeyote atakayeona mzee wake anadondosha spana ajue la kufanya. Ndiyo sababu mnasoma wasifu wenye aibu ya mwandishi ndani yake. Wakuu wetu wameusoma kabla yenu. Hawakuufurahia, lakini wameuruhusu, na alama ya tisa imebaki. Mteja wa Arlington nimemtembelea na kumweleza mwenyewe. Hakunisamehe siku hiyo, na sikutegemea anisamehe.

Lakini lipo moja zaidi, la Jumapili, siku iliyofuata. Nilisali nao kanisani kwao. Ibada ilikwisha, watu wakatoka, na Papa akatoa ufunguo wa gari mfukoni. Hapa kwetu mtu asiyeendesha ni mtu wa kungoja: anangoja kupelekwa kazini, dukani, hospitalini, hata kanisani. Aliinua mguu kuingia garini, kiatu kikamvuka, na hakujua. Akaketi nyuma ya usukani na soksi. Wote pale uwanjani tuliona. Mchungaji akaanza kuzungumza na mtu mwingine. Kina mama wakakuta kuna vyombo vya kukusanya. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshageuka kuelekea gari langu.

Nikarudi. Nilikiokota kile kiatu, nikasimama dirishani, na mbele ya kanisa zima nikamwambia: "Papa, usi-drive. Hausikii miguu. Utaua mtu."

Hakuna aliyewahi kusema naye hivyo. Alinitazama, na nilijua ninamnyang'anya kitu ambacho hakitarudi. Macho yake yalijaa. Kisha akauchomoa ufunguo na kuniwekea mkononi.

"Aksanti," alisema. "Sasa njo umejua kazi."

Papa Wilondja na Mama Clothilde watahamia Pearland, jirani na Houston, mwezi wa Machi, kwa Kethia, karibu na hospitali anakofanya kazi. Kabla ya hapo, mwenye gari anayetaka kumpeleka kliniki siku za Jumanne aandike jina lake kwenye ubao wa karakana. Safari ya Desemba ijayo nitaiongoza mimi. Sidhani nitaweza kutofautisha Shemeji na Binamu kama yeye, na nati zote zitapimwa na watu wawili, kila mmoja akiwa na spana ya kipimo na jina lake kwenye karatasi. Itatuchelewesha. Wacha itucheleweshe.

Papa, mafundi wa Grand Prairie na wenzetu wa Houston tunakushukuru kwa miaka ishirini na mmoja ya kazi safi, kwa subira yako, kwa kutucheka tulipostahili kuchekwa, na kwa kusimama kwenye kile kikao wakati sisi tumeketi. Tunakuombea afya, nyumba yenye amani na watu watakaokuambia ukweli kila siku. Tulikupenda, na tulikupenda vibaya. Nenda salama, na utusamehe.