Kikombe chenye Uzi Mwekundu

Benchi letu liko Bwera, njia ya mpakani, mbele ya meza ya kahawa ya Vasta. Linalia kila mtu akijigeuza, na asubuhi hiyo tulijigeuza sana. Masereka alikuwa hajaonekana siku tatu. Mwaka ule wa Ebola, 2019, ndiye aliyevaa nguo ndefu nyeupe akazika watu ambao hata ndugu zao walikatazwa kuwagusa. Kazi ikaisha, magari ya mradi yakarudi Kampala, naye akarudi benchini. Lakini pikipiki ikipita anaruka, kahawa inampoea mkononi. Sasa haji, na simu haipatikani. Na sisi, badala ya kwenda kumwona, tukakaa kumjadili. Wanaume wazima!

— Iko na mwanamuke Katwe, kule kwa ziwa ya chumvi, akasema Redio, bodaboda anayejua habari kabla hazijatokea. Munaona mikono yake? Ile ni chumvi imeipasua.

— Ni dawa ya kunawa, wewe Redio! akafoka Vasta.

— Kimya! Huyo alikuwa Afande Byamukama, polisi mstaafu. Mutu anayeshtuka ovyo iko na kesi. Masereka amekimbia.

— Kesi gani, afande? akasema Yafesi, tunayemwita Nabii. Alizika mutoto, mama yake hakumuosha. Ule mutoto iko anamufuata.

— Kweli! Redio akaruka. Juma iliyopita nilimukuta anaongea na sepetu. Anaiomba musamaha!

Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, Mungu anisamehe.

Ndipo aliposhuka dada mmoja kwenye boda, vumbi la njia ya Kisinga mpaka kwenye nyusi. Akajitaja: Phionah, mpuliza dawa wa timu ya Masereka.

— Mumemuona? Simu yake imezimwa.

— Dada, hata sisi tunajiuliza.

— Kila Alhamisi, sisi wa timu tulikuwa tunakaa pamoja. Kila mutu anasema ile inamusumbua. Mutu akilia, tunangoja amalize. Mradi ikaisha, Alhamisi nayo ikaisha. Nikamuuliza, Masereka, sasa utaongea na nani? Akacheka. Akasema, musiogope, mimi niko na benchi yangu Bwera.

Hakuna aliyejigeuza.

— Mama, akamwambia Vasta, niwekee kahawa kwa kikombe yake, nimupelekee.

Vasta akaonyesha msumari ukutani. Vikombe vyetu sisi vyote huoshwa pamoja kwenye beseni moja. Kile cha Masereka kilining'inia huko, uzi mwekundu kwenye kishikio chake.

— Mbona yake iko peke yake?

Afande akaangalia viatu vyake. Uzi ule niliufunga mimi, wiki aliyorudi, ili mtu asikosee akakinywea. Masereka alikuwa amekaa hapo hapo, ananitazama nikiufunga. Alisema asante tu.

Nikakishusha kikombe. Fundo lilikataa kufunguka, nililikaza mno siku ile. Nikalikata kwa meno.

— Jaza, Vasta, nikasema. Dada, twende. Nyumba yake naijua.