Verna Tollefson Anaondoka na Maili Zake

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kuandaa hesabu za kodi katika ofisi yetu ya Brekke, hapa Jamestown, Bi. Verna Tollefson anastaafu leo, Ijumaa tarehe 17 Aprili. Msimu wa kodi ulifungwa juzi tu. Hakutaka kungoja hata Jumatatu, na sababu anayo.

Verna aliingia akiwa mpokea simu, akaishia kuwa mtu wa magari. Muuza mbegu, muuguzi wa majumbani, fundi wa matrekta, wote wamekaa mbele ya meza yake wakaulizwa swali lile lile: maili hizi ni za kazi au zako? Maili ya kazi inakupunguzia kodi kwa kiwango kizuri. Ya kwenda hospitali, kiwango kidogo. Ya kujitolea kanisani, kidogo zaidi. Ya kwenda kumwona ndugu yako, huambulii kitu.

Kila asubuhi ya Mwaka Mpya, theluji ikiwa magotini, alitupigia simu mmoja mmoja, wateja na wafanyakazi. "Umeamka? Haya, vaa koti ukasome maili kwenye dashibodi ya gari kabla hujaliwasha; hesabu ya mwaka inaanzia hapo." Tulinung'unika, na tukatoka na nguo za kulalia.

Duane Hoff, daktari wa mifugo, aliwahi kuleta maili za safari ya kuvua samaki katika ziwa la Devils Lake akidai alikwenda kutibu ng'ombe. Verna alimtazama juu ya miwani. "Duane, na huyo ng'ombe ulimnasa kwa chambo gani?" Duane husimulia kisa hicho mwenyewe, na bado ni mteja wetu.

Lakini roho ya Verna ilikuwa mbali siku zote. Dada yake, Arlys, anaishi Oregon, kando ya bahari. Kila mwaka Verna alisema atakwenda msimu ukiisha. Ulipoisha, walikuja wakulima walioongezewa muda wa kuwasilisha hesabu zao, naye akabaki. Picha ya Arlys akiwa ufukweni imekaa kwenye meza ile mpaka imepauka. Februari hii Arlys alipiga simu: macho yake yanapofuka, na madaktari hawana la kufanya. "Njoo, mdogo wangu, ningali naweza kukuona." Verna alikwenda moja kwa moja kwa bosi wetu, Curt Brekke, kuaga. Sisi tulijifanya tuna kazi nyingi.

Verna, ofisi itapwaya bila wewe, na tunakuonea wivu kidogo. Asante kwa kila Mwaka Mpya uliotutoa kitandani.

Jana, tulipokuwa tukimpakilia mizigo garini, Curt aliinama dirishani kwa mazoea ili asome maili. Verna akaziba dashibodi kwa kiganja. "Acha, Curt. Hizi ni zangu."

Basi hatusomi. Tunakutakia barabara kavu hadi Oregon, na Arlys akuone ukishuka garini.